Dhalgren imetugawanya Kisumu. Nyinyi mliisomaje?

Nyar Manyatta, Kisumu

Hamjambo nyote. Kikundi chetu cha kusoma hukutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na safari hii tuliachana bila hata kupanga kitabu kinachofuata. Tumegombana juu ya riwaya. Mimi bado nimeibeba moyoni, ndiyo maana naileta hapa kwa watu wasionijua wanisaidie kufikiri.

Riwaya yenyewe ni Dhalgren ya Samuel Delany, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Harlem mwaka wa 1942. Ilitoka 1975. Mwenzetu aliipata kwenye vitabu vya mitumba sokoni Kibuye, kurasa zaidi ya 800, tukapokezana. Wengine waliisoma kwenye simu.

Kwa ambaye hajaifungua: kuna mji unaitwa Bellona, katikati ya Marekani, uliopatwa na jambo. Jambo gani, mwandishi hasemi. Wakazi wengi wamehama. Simu zimekufa, redio haishiki, moshi umetanda mchana na usiku, serikali haionekani. Kijana mmoja anaingia kwa miguu kupitia darajani, mguu mmoja una ndara na wa pili uko peku, jina lake halikumbuki, na wenyeji wanaanza kumwita Kid. Anapata daftari ambalo mtu mwingine ameshaliandika upande mmoja wa kurasa, naye anaandika mashairi yake upande uliobaki. Usiku mmoja mawingu yanaachana, unaonekana mwezi wa pili kando ya ule tuliozaliwa tukiuona. Watu wanaupa jina la jamaa wa mtaani, George, wanaendelea na mambo yao. Siku nyingine linachomoza jua kubwa la kutisha, limejaa upande mzima wa mbingu, kila mtu anaamini huo ndio mwisho, halafu linatua kama siku zote. Kid analala na kuamka, anadhani ni kesho, anaambiwa amepotea siku kadhaa. Gazeti la mji linatoka kila siku na tarehe yoyote ile mwenye gazeti anayojisikia kuweka. Sentensi ya kwanza ya kitabu haina mwanzo na ya mwisho haina mwisho, na ukiziunga zinakuwa moja.

Nusu ya kikundi walisema mwandishi amewadharau. Mwenzetu fundi wa umeme ndiye aliyeongea kwa uchungu zaidi. Alisema hadithi ikijiita ya kisayansi inadaiwa hesabu: mwezi wa pili ukitokea, bahari ijae na kupwa tofauti, mtu apime, mtu ashangae kwa akili. Delany amemtia humo mwanaanga aliyefika mwezini kabisa, Kapteni Kamp, na hata yeye hana la kutufaa. Fundi alisema alijisikia ameitwa mahali na kukuta mlango umefungwa.

Mimi niko upande wa pili, kwa sababu ya familia ya Richards. Baba, mama, binti June na mdogo wake Bobby, ghorofani, katika jengo ambalo karibu lote ni tupu. Kila asubuhi Bwana Richards anaenda kazini. Mji hauna kazi. Hakuna anayejua anakokwenda, na mkewe haulizi. Bi Richards anampa Kid kibarua cha kuhamisha samani kutoka orofa yao hadi orofa nyingine ya juu zaidi katika jengo hilohilo, kwa sababu amejiaminisha kwamba huko juu mambo yatakuwa sawa. Anapanga vyombo. Anafikiria chakula cha jioni. Kuna watu wanapita kwenye korido wakigongagonga milango, naye anaendelea na mazungumzo.

Fundi alicheka hapo. Mimi sikuweza. Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, nilikuwa mtoto wa shule hapa Manyatta. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku tangu tarehe 30 Desemba, kadi za simu zimeadimika, maduka ya mjini yamechomwa, na kila jirani ana habari yake. Shule hazikuwa zimefunguliwa. Mama alikuwa akiamka alfajiri, anawasha makaa, anaipiga pasi sare yangu na kuitundika kwenye msumari. Jioni anaishusha, anaikunja. Alfajiri anaipiga pasi tena. Kondele matairi yanawaka, yeye ananiambia nikate kucha. Tangu hapo nimesoma mengi kuhusu ile Januari, takwimu na hotuba, lakini mama yangu sikuwahi kumkuta popote. Nimemkuta ndani ya kitabu cha Mmarekani ambacho wenzangu wanasema hakina maana.

Basi nauliza. Riwaya isiyosema chanzo cha maafa inawatendea haki walioishi ndani ya maafa, au inawakwepa? Na nyinyi mlioisoma, ni wapi ilipowashika au kuwapoteza?

Mkazi wa Section 58, Nakuru

Dada, mama yako apewe heshima yake yote. Lakini nitakupinga, na nimesoma hadi neno la mwisho, kwa hiyo tafadhali usiniambie niirudie.

Mwisho wa Januari hiyohiyo nilikuwa hapa Nakuru. Niliona watu wakiingia uwanja wa maonyesho ya kilimo na magodoro kichwani. Hakukuwa na jua lililovimba. Kulikuwa na watu waliopanga na watu waliolipa. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza vurugu hizo, ilikaa, ikasikiliza mashahidi, na Oktoba mwaka huo ikatoa ripoti: waliokufa 1,133. Ilieleza nani alikuwa akikutana na nani, na ilisema wazi kwamba huko kwenu Kisumu wengi waliokufa walipigwa risasi na polisi. Hayo ni mambo ya kujulikana. Yalijulikana. Sasa anakuja mwandishi mwenye kipawa anatujengea mji unaoungua, na kila nikiuliza aliyeuchoma ananionyesha mwezi wa pili. Anamsaidia nani? Aliyechoma hana rafiki mzuri kuliko moshi usio na mwenyewe.

Hata huko kwao sababu zilikuwa mezani. Watts, mtaa wa watu weusi Los Angeles, iliwaka 1965, miji ya Newark na Detroit 1967, kisha miji zaidi ya 100 baada ya Martin Luther King kuuawa Aprili 1968. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Tume ya Kerner, iliyochunguza ghasia za miji hiyo, ilikuwa imeshaandika kwamba ubaguzi wa wazungu ndio mzizi. Delany aliianza riwaya yake 1969 na kuimaliza 1973. Majivu yalikuwa bado ya moto chini ya miguu yake. Mtu mweusi kutoka Harlem, mwenye kalamu ile, anajua kila kitu, halafu ananyamaza! Hilo ndilo linaloniuma. Mwandishi dhaifu ningemsamehe.

Sisemi hana uwezo. Zile minyororo ambayo watu wa Bellona huvaa mwilini, ya vioo na lenzi, na lile genge la Nge wanaotembea wamefunikwa na mwanga wenye umbo la joka au buibui, nikizifikiria usiku bado naziona. Ndiyo maana nina hasira. Uwezo huo wote, na deni halikulipwa.

Msomaji wa Webuye

Mimi sikumaliza. Mambo ya chumbani ni mengi mno na yameandikwa waziwazi kabisa. Atakayeipeleka kwenye kikundi chenye watu wa rika tofauti awaonye mapema, ni adabu tu.

La pili ni kwa mnaosoma kwenye simu. Sura ya saba, ile ya mwisho, imeandikwa kama vipande vya daftari, na pembeni mwa ukurasa kuna maandishi mengine yanayokwenda sambamba na yale makuu. Kwenye nakala niliyokuwa nayo ya simu yalichanganyika, sentensi inakatika katikati unaingia kwenye jambo lingine kabisa. Nilidhani ndivyo mwandishi alivyotaka, mpaka nilipoona kitabu cha karatasi. Huenda baadhi ya waliokasirika Kisumu walikasirishwa na simu zao.

Mwalimu mstaafu, Kakamega

Wanangu, nimefurahi kuona watu wakigombana kwa ajili ya riwaya. Mnachogombania kina umri sawa na kitabu chenyewe. Kilipotoka 1975, Theodore Sturgeon, mwandishi mkubwa wa fani hiyohiyo ya hadithi za kisayansi, alikisifu katika jarida la Galaxy kama kazi iliyo kileleni mwa fani. Harlan Ellison, mkubwa mwenzake, alikiponda katika Los Angeles Times na kusema alishindwa kuendelea. Philip K. Dick, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa kuwachanganya wasomaji, alikichukia. Wakati huo wasomaji walikuwa madukani wanakinunua, na hatimaye nakala zikapita milioni moja. Kiliteuliwa kuwania tuzo ya Nebula. Toleo la 1996 lina dibaji ya William Gibson, anayesema hiki ni kitendawili ambacho hakikuwahi kukusudiwa kuteguliwa. Fundi wenu wa umeme ana wenzake wenye majina makubwa, na Nyar Manyatta pia.

Lakini kwa nini mwende mbali? Msimame Dunga, ufuoni hapo Kisumu, mtazame kusini. Ndani ya Ziwa Victoria hilohilo, upande wa Tanzania, kuna kisiwa cha Ukerewe, na hapo alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka wa 1944. Wasomaji wa Kiswahili walikuwa wamemzoea kwa riwaya ambazo unamjua mhusika, kijiji chake, baba yake, kosa lake. Mwaka wa 1990 akatoa Nagona, na 1991 Mzingile. Msimulizi hana jina. Safari haina ramani. Wakati unajizungusha, wafu na hai wanaongea, na katika Mzingile dunia inateketea. Wapo waliosema ameiua riwaya ya Kiswahili, na wapo waliosema ndipo imezaliwa upya. Na hao si wageni kwa ugomvi wake: mashairi yake huru ya Kichomi, 1974, yasiyofuata vina na mizani, yalikuwa yameshawatenganisha washairi wetu hadi wengine wakakataa kuyaita mashairi.

Niliwahi kuiingiza Nagona darasani, ingawa haikuwa kwenye silabasi. Wavulana wawili wakaniambia kwa heshima kwamba nawapotezea muda na mtihani uko mlangoni. Msichana mmoja, aliyekuwa amefiwa muhula huo, akaomba aende nacho likizo. Aliporudi sikumuuliza amekielewaje. Alinieleza mwenyewe, na alichokiona humo mimi sikuwa nimekiona katika miaka yangu yote ya kukisoma.

Hukumu yangu juu ya Delany ni hii: amerefusha. Zile karamu na mazungumzo ya katikati zingepunguzwa sana bila mtu kuumia. Vitabu vyote viwili vya Kezilahabi havifiki kurasa mia kila kimoja, na vina uzito usiopungua huo. Ila kuhusu Bi Richards nakubaliana na mwanangu wa Manyatta moja kwa moja. Sehemu ile haina neno la kutoa.

Nyar Manyatta, Kisumu

Asante sana Mwalimu. Nagona nitaitafuta wiki hii. Ya Webuye nayo nimeipeleka kwa wenzangu, na wawili wamekiri walisoma sura ya saba kwenye simu wakidhani imeharibika.

Ndugu wa Nakuru, umeniweka macho usiku na sitaki kukujibu kijuujuu.

Hiyo ripoti ya Waki naiheshimu. Katika wale 1,133 yumo jirani yetu, kijana aliyekuwa akiuza maji kwa mkokoteni. Unasema mambo yalijulikana. Yalijulikana Oktoba. Mimi nazungumzia Januari, wakati tulipokuwa ndani ya nyumba na taa tumezima, na mmoja anasema jeshi liko Ahero, mwingine anasema hakuna jeshi, mwingine anasema ziwa limejaa maiti. Tuliokuwa ndani tulijua kama watu wa Bellona wanavyojua: kwa harufu, kwa sauti, kwa jirani anayeapa. Delany amechagua kubaki Januari kwa kurasa zote hizo. Unaweza kumlaumu kwa kuchagua huko, lakini usiseme amesema hakuna sababu. Watu wake wanasingizia hiki na kile mchana kutwa. Hawana mtu wa kuwathibitishia.

Tazama kifo cha Bobby. Samani zinahamishwa, mtoto amebeba zulia, shimo la lifti liko wazi, anaanguka. Dada yake June alikuwa pale. Kabla ya hapo Bobby alikuwa ameijua siri ya June, picha ambayo June aliificha, na alikuwa akimtishia dada yake kuisema. Alimsukuma? Nimeisoma sehemu hiyo na kidole kwenye mstari, na haiwezekani kusema. Kid anashuka kule chini gizani kuutoa mwili kwa mikono yake. Mwandishi amekupa yote ambayo mtu aliyekuwepo kwenye korido ile angeweza kuyajua, akaishia hapo. Kwingine wangekuja askari, wangepima, wangemhoji June. Bellona hakuna wa kuja. Maafa yalipoondoa polisi na mahakama, yaliondoa na uwezekano wa mama huyu kujua mwanawe alikufaje. Kwangu hiyo ni shutuma kali kuliko kutaja majina.

Jirani yetu mpaka leo mamake anaulizia risasi ilitoka kwenye bunduki ya nani. Ripoti imesema polisi. Polisi yupi? Amekaa na hilo miaka yote hii. Kama ningemwandikia hadithi, nisingethubutu kuimaliza kwa jina ambalo yeye hakupewa.

Kuhusu mwezi wa pili sina utetezi mzuri, zaidi ya kwamba ndio ulionifanya niamini mengine. Baada ya siku kadhaa za hofu, ukiniambia limetokea jua jingine ningekuuliza tu kama barabara ya kwenda sokoni imefunguliwa. Watu wa Bellona wanauliza hivyo hivyo.

Mkazi wa Section 58, Nakuru

Pole kwa jirani. Hiyo ya mamake nimeisoma, nikatoka nje kidogo, nikarudi.

Bado sijahamia upande wako. Nikiwa na mtoto wa shule mkononi na kitabu kimoja tu cha kumpa kuhusu mji ulioungua, nitampa kile kinachotaja majina, kwa sababu asipoyasikia kwetu atayasikia kwenye mikutano ya siasa yakiwa yamegeuzwa. Hapo sibanduki.

Lakini umenifanya nirudi kwenye Roger Calkins, na nashangaa hakuna kati yenu aliyemgusa. Huyu ndiye mwenye gazeti. Jumba lake lina bustani na wageni mashuhuri, chakula hakimpungukii, na ndiye anayeamua kwamba leo ni tarehe gani. Ndiye aliyechapisha mashairi ya Kid kuwa kitabu, na kwa kufanya hivyo Kid akawa mtu mkubwa mjini. Kid anatamani kuonana naye muda wote. Wanapozungumza hatimaye, ni kwenye nyumba ya watawa, na Calkins yuko upande wa pili wa ukuta. Uso hatuuoni. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikiona kama kitendawili kimoja zaidi. Jana nimekisoma nikimfikiria mtu mwenye mali na gazeti ndani ya mji usio na sheria, anayekwambia siku gani ni leo na nani ni shujaa, na humwoni. Huyo namfahamu. Kwa hiyo kuna jina moja ambalo Delany amelitaja, na amelitaja mara nyingi, kila mtu akiwa ameshika nakala ya gazeti lake.

Kama hilo linatosha kulipa deni, sijui. Kwangu halitoshi. Lakini mkikutana Jumamosi ijayo someni kwa sauti yale mazungumzo ya ukutani, mmoja awe Kid na mwingine Calkins, na umpe fundi wa umeme sehemu ya Calkins. Halafu uandike hapa alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe.